Ndimi za magari ya mferejini: shajara ya njia ya Buruburu

Jumamosi, Aprili 5

Rangi imekauka na leo njia imepitisha umeme kwa mara ya kwanza. Kwa aliyekosa sehemu za nyuma: hii ni njia ya magari madogo ya kuchezea ya umeme, yanayokimbia yakiongozwa na mfereji. Ni mifereji miwili iliyochimbwa kwenye mbao mbili za MDF za futi nane kwa nne, unene milimita 12, zinazokutana kwa umbo la L ndani ya SQ yetu, kile chumba cha nyuma ya nyumba, hapa Buruburu, Nairobi. Fundi wa samani aliyenichimbia alitumia rauta yenye biti ya milimita 3, akashuka kina cha milimita 8. Kandokando ya kila mfereji kuna tepu mbili za shaba za upana wa milimita 6. Umeme ni volti 12 kutoka kwenye pawasaplai ya kompyuta iliyokufa. Waya wa kijani umefungwa kwenye mweusi ili iwake bila kompyuta, wa manjano ndio unaotoa volti 12, na kila mfereji una fyuzi yake ya ampea 5.

Sehemu zake nimezipa majina ya barabara za Nairobi. Kona kali kuliko zote nimeiita Globe. Kile kimlima kidogo ni Museum Hill. Mnyooko mrefu wa ukutani ni Thika Road, kwa sababu hapo kila mtu anakanyaga mafuta bila kufikiri.

Magari ni matatu, yote ya kipimo cha 1/32: Ford Escort ya Scalextric, Porsche moja, na gari la mitumba nililolipata soko la Toi likiwa halina kioo wala jina la aliyelitengeneza. Thika Road yote matatu yanakwenda vizuri. Tatizo linaanza kwenye kona. Lile la mitumba likifika Globe linanguruma, linapunguza mwendo, halafu linakwama kabisa. Escort haikwami, lakini ikitoka Globe na kuongezewa moto, pua inainuka na gari linatoka mferejini likitazama lilikotoka.

Mpwa wangu, ambaye ndiye dereva rasmi wa majaribio, ameshatoa ripoti yake: "Anko, hii gari inakataa kona."

Naam. Na hakuna wa kuisaidia. Njia za plastiki za dukani zina reli za chuma, na magari mengi huja na sumaku tumboni inayovutwa na reli hizo. Ndiyo maana mtoto anaweza kuzungusha gari huko bila kuachia kidole. Shaba haivutwi na sumaku. Nimezing'oa sumaku zote, maana kwenye njia hii ni mzigo tu. Kinacholishika gari sasa ni ulimi peke yake, kile kipande cha plastiki kilicho chini ya pua kinachoingia mferejini, pamoja na visuko viwili vya shaba vinavyolamba tepu kuchukua umeme. Kwa hiyo kuanzia leo shajara hii ni ya ndimi. Mota na matairi vitangoja.

Jumapili, Aprili 6

Siku ya kalipa, kile kifaa cha kupimia unene na upana. Nilianza na mfereji wenyewe. Biti ilikuwa ya milimita 3 lakini mfereji si wa milimita 3 tena, kwa kuwa praima na rangi viliingia ndani. Sehemu nyingi zinasoma 2.9, na pale Globe 2.85.

Kisha ndimi. Wa gari la mitumba: urefu milimita 22, unene 2.6, kina 5. Wa Escort: urefu 16, unene 2.3, kina karibu 5 vilevile.

Ukitazama unene peke yake, ndimi zote zinaingia. 2.6 ndani ya 2.85, kuna nafasi ya robo milimita, shida iko wapi? Shida ni kwamba ulimi umenyooka na mfereji umepinda. Ncha mbili za ulimi zinagusa ukuta mmoja, na katikati yake inagusa ukuta wa pili, kwa hiyo kona inakula sehemu ya ile nafasi. Kiasi kinacholiwa unakipata hivi: chukua urefu wa ulimi, uuzidishe kwa wenyewe, ugawanye kwa mara nane ya nusu kipenyo cha kona. Globe, mfereji wa ndani, ina nusu kipenyo cha milimita 200. Ulimi wa milimita 22 unatoa 484 gawanya kwa 1,600, yaani 0.3. Ongeza unene wa 2.6 upate 2.9. Mfereji ni 2.85. Gari halikatai kona kwa kiburi, halitoshi.

Escort je? 256 gawanya kwa 1,600 ni 0.16, jumla 2.46. Inapita Globe na bado inabaki na nafasi ya karibu 0.4. Hiyo ni nyingi kupita kiasi, ndiyo maana kwenye Thika Road pua yake inayumbayumba, lakini kuyumba hakulitoi gari nje. Kinacholitoa ni kina.

Nimeweka Escort kwenye kipande cha MDF chenye mfereji nilichobakiza kwa ajili ya majaribio, nikachungulia kwa upande na tochi ya simu. Ulimi una kina cha milimita 5, ndiyo, ila visuko chini yake vimeliinua gari karibu milimita moja juu ya tepu. Kwa hiyo kilichozama ni milimita 4 tu, ndani ya mfereji wa milimita 8. Nusu ya mfereji inakaa bure. Gari likilala upande wa nje kwenye kona, upande wa ndani ukainuka kidogo, hizo milimita 4 zinaisha haraka sana.

Sisemi kwamba ulimi wa kiwandani ni mbaya. Ulikatwa kwa ajili ya njia ya plastiki, na huko unafanya kazi yake. Huku ni mgeni.

Jumamosi, Aprili 12

Fundi alipita kuchukua jigso yake nikamwonyesha Globe. Akapiga goti, akapitisha kucha ndani ya mfereji, akaniuliza, "Mkubwa, kwani hatuwezi kupanua tu? Nina biti ya milimita nne kwa gari. Nusu saa imekwisha."

"Fundi, ukipanua, Escort itakuwa inaogelea."

"Si utaiwekea ulimi mnene?"

Si wazo la kupuuza. Kuna wanaofanya hivyo, na njia nyingi za mbao za vilabu vya nje zina mfereji wa moja ya nane ya inchi, yaani milimita 3.2 hivi. Lakini kupanua sasa kungekula kingo za MDF ambako tepu imekaa, ningeng'oa shaba yote na kuanza upya. Zaidi ya hayo, ulimi ni kipande cha plastiki cha shilingi chache. Ukiuharibu unakata mwingine. Mbao ukishaitoa, imetoka.

Fundi alikubali kwa kichwa, ingawa naona hakushawishika. Alipokuwa anaondoka aliniambia mfereji wa nje una mkwaruzo karibu na dirisha, nikauangalia. Nitaurudia.

Kazi ya leo: gari la mitumba. Nilikata ulimi kutoka milimita 22 hadi 18. Hesabu inatoa 324 gawanya kwa 1,600, sawa na 0.2, jumla 2.8. Unapita, kwa kubanwa. Halafu nikachukua tupa ndogo na kuuchonga kama mtumbwi: katikati unabaki na unene wake wote, ncha mbili zinapungua polepole. Hapo ndipo faida ilipo, kwa sababu kwenye kona ncha ndizo zinazogusa. Ukizipunguza kila upande kwa sehemu ndogo ya milimita, umerudisha nafasi iliyoliwa na kona bila kuupunguzia unene pale katikati unapohitajika kwenye mnyooko. Nilimaliza na msasa namba 240, kisha 600 wenye maji, hadi ukingo wa mbele ukawa laini kwa kidole. Ukingo huo nauona ni muhimu kuliko watu wanavyodhani: ukiwa na pembe kali, unachimba kwenye kila kiungo cha mbao.

Gari la mitumba sasa linapita Globe bila kunguruma. Bado linatoka nje likisukumwa sana, lakini hilo ni suala la kina.

Jumamosi, Aprili 19

Mvua ya masika haikukatika tangu Alhamisi. Asubuhi nilikuta mfereji wa nje, karibu na dirisha la SQ, umekuwa mwembamba. Kalipa inasoma 2.7 kwa urefu wa kama kiganja. Ule mkwaruzo alioutaja fundi ulifungua rangi, unyevunyevu ukaingia, na MDF ikivimba huvimba zaidi pale ilipokatwa kuliko usoni. Gari la mitumba linakwama hapo.

Nimezungushia msasa kwenye kipande cha kadi ya plastiki, nikapitisha polepole hadi 2.85, kisha nikapaka vanishi iliyochanganywa na thina kwa brashi nyembamba ya msanii, mara mbili. Dirisha limepata silikoni pembeni.

Hili limenipa kanuni ya kutengenezea ndimi zilizobaki: kila ulimi utatoshea mahali pembamba kuliko pote, kwa mwezi wenye mvua kuliko yote. Kiangazi nitavumilia kuyumba.

Alhamisi, Mei 1

Sikukuu ya Wafanyakazi, na nimefanya kazi kutwa nzima. Leo ni kuongeza kina.

Njia rahisi ipo: Slot.it ya Italia huuza ndimi za kina kirefu kwa njia za mbao, na si hao peke yao. Lakini ukihesabu usafirishaji na ushuru, ulimi mdogo kuliko kucha unafika Nairobi ukiwa na bei ya kilo kadhaa za nyama. Nitaagiza siku moja, nikiwa na orodha ndefu. Kwa sasa ninazo fremu za laini za simu.

Kila anayenunua laini hukwanyua kile kidude cha katikati na kutupa plastiki iliyobaki. Usitupe. Kadi hiyo ina kipimo cha kadi ya benki, unene milimita 0.76, na haitofautiani kati ya kampuni na kampuni. Plastiki yake inakatika kwa wembe, inashika gundi, na haipindi ovyo. Duka la M-Pesa hapa nje lilinipa mfuko mzima. Dada wa dukani alidhani natengeneza herini.

Nilivyofanya kwenye Escort ni hivi. Kwanza nilipunguza ulimi wa asili kwa tupa pande zote mbili, kutoka 2.3 hadi 0.9, nikabakiza shina lake la juu bila kuligusa, kwa kuwa shina ndilo linaloingia kwenye chasi na sitaki kulitengeneza upya. Kisha nikakata bamba mbili za kadi, urefu milimita 16, zikashuka hadi milimita 7 chini ya sahani ya ulimi. Zikikumbatia ulimi uliopunguzwa unapata 0.76 na 0.9 na 0.76, jumla 2.42. Sehemu ya chini, ambako ulimi wa asili umeisha, nilijaza kipande cha tatu cha kadi ili bamba zisikutane. Kwa hesabu ya Globe: 2.42 na 0.16 ni 2.58. Hata kule dirishani kabla ya msasa ungepita.

Kwa nini milimita 7 na si 8? Mfereji unakusanya vumbi la matairi, nywele, na siku moja chembe ya mandazi. Ulimi ukigusa sakafu ya mfereji unainua pua, na hapo umejitengenezea ugonjwa uleule uliokuwa unautibu. Ukitoa ile milimita moja ya visuko, kilichozama sasa ni 6. Kilikuwa 4.

Tatizo lililobaki ni gundi. Kadi kwa kadi, supaglu inashika kwa sekunde chache na haiachii. Kadi kwa ulimi wa asili haishiki. Plastiki ya ndimi nyingi ni ya jamii ya nailoni, inayoteleza kwa makusudi, na kitu kinachoteleza mferejini kinaiteleza gundi pia. Hata ukikwaruza kwa msasa, ukigonga ukuta mara moja bamba linabanduka safi kama sahani iliyooshwa.

Basi pini. Pini za ofisini, zile za kushikia karatasi. Nilitoboa bamba zote na ulimi katikati yake kwa biti nyembamba iliyoshikwa kwa vidole, matundu mawili, moja mbele na moja nyuma, nikapitisha pini, nikakata kwa koleo na kusawazisha kwa tupa hadi kucha isihisi kitu. Kazi ya kushikilia pumzi: ulimi wenyewe umebaki na unene wa 0.9, biti ikienda upande unapasuka. Matundu niliyaweka chini, milimita 3 chini ya uso wa mbao. Pini ni chuma na inatokea pande zote mbili za ulimi. Ingekaa juu karibu na tepu, kingo za shaba zingeweza kuguswa kushoto na kulia kwa pamoja. Kwa sababu hiyohiyo nilikataa wazo la kukata ulimi mzima kutoka bati la shaba nyeupe, ingawa fundi wa Kamukunji angenikatia vizuri kuliko mimi.

Ulimi huu mpya haufai tena kwa njia ya plastiki, utagusa chini. Yeyote atakayefuata njia hii anunue ulimi wa akiba kwanza, au afanyie kwenye gari ambalo halitarudi kwenye reli.

Usiku, baada ya chakula, Escort imetoka Globe kwa moto wote na imebaki mferejini. Mkia ulikwenda nje, ukarudi. Mpwa wangu hakusema neno, aliomba tu arudie.

Jumapili, Mei 11

Visuko. Vile vya Escort vimechakaa na ncha zimefumuka, na vya gari la mitumba vilikuwa kutu tupu tangu siku ya kwanza.

Luthuli Avenue, kwenye maduka ya vipuri vya elektroniki, wanauza utepe wa shaba uliosukwa ambao mafundi wa redio hutumia kufyonzea lehemu. Unakuja kwenye koili ndogo, upana wa milimita 2.5 au 3, na kwa bei ya koili moja unapata visuko vya magari mengi. Una flaksi ndani yake, ile dawa ya kusaidia lehemu kushika, ambayo ukiiacha inapaka tepu uchafu wa kunata. Niliuloweka kwenye spiriti ya dawa kutoka duka la kemia, nikausugua kwa mswaki, nikauanika. Baada ya kuosha unalegea na kuwa laini, na hicho ndicho unachotaka.

Visuko vigumu ni adui wa ulimi mrefu. Vinafanya kazi ya springi, vinasukuma pua juu wakati wewe umehangaika kuishusha. Navikata vifupi, navilaza karibu sambamba na njia, ncha ya nyuma tu ndiyo ikunjwe kidogo kuelekea chini. Kipimo changu: liweke gari mferejini, lisukume pua kwa kidole chepesi. Ikidunda, visuko ni vigumu au vimekunjwa mno.

Katikati ya majaribio, kila kitu kikazima. "Anko, stima imepotea!" Lakini taa ya SQ ilikuwa inawaka na jirani alikuwa bado anasikiliza mechi. Pawasaplai ndiyo iliyojizima. Uzi mmoja wa kisuko cha zamani cha Porsche ulikuwa umefumuka na kulala juu ya mfereji, ukaunganisha tepu mbili, na pawasaplai za kompyuta zikihisi shoti hujifunga zenyewe. Niliizima ukutani, nikangoja kidogo, nikawasha. Kwa hiyo sheria imepatikana: kabla ya kila mashindano, kila dereva anakagua visuko vyake na kukata nyuzi zilizofumuka kwa mkasi wa kucha.

Jumamosi, Mei 24

Kimo na uzito. Hii ndiyo sehemu niliyoifurahia zaidi na ina maneno machache.

Nimeliweka kila gari juu ya kile kipande cha majaribio na kupitisha karatasi chini ya magurudumu ya mbele. Karatasi ipite kwa kukwaruza kidogo. Ikibanwa kabisa, magurudumu ndiyo yamebeba pua na ulimi unaning'inia. Ikipita bila kugusa kitu, gari limesimama kwa ulimi peke yake na litalala kwenye kona. Marekebisho ni washa nyembamba kati ya ulimi na chasi. Escort ilihitaji kuongezewa, kwa sababu visuko vipya ni vyembamba kuliko vya zamani. Lile la mitumba nalo lilihitaji washa moja, niliyoikata kwenye chupa ya maji ya plastiki kwa mashine ya kutoboa karatasi.

Uzito ulitoka kwa jamaa wa kubalansi magurudumu. Vile vipande vya kubandika kwenye rimu huja katika vipimo vya gramu 5 na gramu 10, vina gundi yake mgongoni. Kimoja cha gramu 5 nyuma tu ya shina la ulimi, chini iwezekanavyo, kimeituliza Escort kuliko chochote tangu ule ulimi wa Mei mosi. Nilijaribu cha gramu 10 na gari likawa zito kuondoka Globe bila faida yoyote niliyoiona, kwa hiyo nimekitoa.

Waya nazo. Zile zinazotoka kwenye visuko kwenda kwenye mota zikiwa ngumu zinaupinda ulimi upande mmoja, na gari likiruka kidogo kwenye kiungo linatua likiwa limepotoka. Nimezibadilisha kwa waya laini na kuziacha ndefu kidogo, zikunjwe pembeni bila kugusa gia. Ulimi unatakiwa ugeuke kushoto na kulia kwa kupulizwa tu.

Wakati nafanya haya nilikuwa nawaza jinsi magari ya kwanza yalivyoishi. Fred Francis alipoyaonyesha magari ya Scalextric huko Uingereza mwaka 1957, yalikuwa ya bati, yakikimbia kwenye njia ya mpira, na hayakuwa na ulimi wa namna hii. Umeme yaliuchukua kwa kigurudumu kilichokaa mferejini. Ningependa kuliona moja likipita Globe. Kwa mbali.

Jumatatu, Juni 2

Madaraka imeangukia Jumapili mwaka huu, kwa hiyo leo pia ni mapumziko na SQ imejaa. Kaka yangu na watoto wake, fundi na mwanawe, jirani wa mechi. Mzunguko mmoja mmoja kwanza, kisha wawili wawili.

Escort ilikuwa imepata rangi mpya ya vumbi la kahawia milangoni, kazi ya mpwa wangu, kwa heshima ya 1972, mwaka ambao Hannu Mikkola aliyashinda mashindano ya magari ya Safari Rally akiwa na Escort na kuwa dereva wa kwanza kutoka ng'ambo kuyashinda. Kaka yangu, ambaye alikulia hadithi za Joginder Singh, Mkenya aliyeshinda Safari akiwa na Mitsubishi Lancer, alisema kama tunapaka vumbi tupake Lancer. Hakuna Lancer. Alipewa gari la mitumba na akaongoza hadi Museum Hill, ambapo aliachilia kidole akishuka badala ya akipanda.

Fundi alichagua mfereji wa nje, wa dirishani, kwa makusudi. Akapita pale penye vanishi mara kadhaa, akasimamisha gari, akapitisha ukucha ndani ya mfereji kama siku ile. "Imeshika," akasema. Kisha: "Lakini mkubwa, hiyo nyingine utakayojenga, tuchimbe ya tatu nukta mbili." Tumekubaliana. Biti atatafuta mwenyewe.

Yaliyoonekana leo na ambayo sikuyaona nikiwa peke yangu: ndimi za kadi zinachakaa mbele. Baada ya mchana mzima, ukingo wa mbele wa Escort umepoteza kung'aa na una mikwaruzo ya kusimama, dalili kwamba kiungo cha mbao mbili pale penye kona ya L kimeinuka kidogo. Nimepitisha ukucha, ni kweli, ukuta mmoja umesogea kiasi cha unene wa karatasi. Nitaupunguza kwa kadi yenye msasa, bila kugusa tepu. Shaba pia imeanza kuwa nyeusi Thika Road na inahitaji kufutwa kwa kitambaa chenye spiriti.

Porsche bado ina ulimi wake wa zamani na imeshika mkia kwenye kila mzunguko. Bamba zake nimeshakata, urefu 17, kina 7, zimelala kwenye kifuniko cha chupa pale mezani. Hazijatobolewa, kwa sababu biti nyembamba ilivunjika kwenye tundu la pili la gari la mitumba. Jumatano nikitoka kazini nitapitia Luthuli.